"Cheza Kistaarabu" Siyo Sheria

Makamanda, hebu liangalieni tangazo lolote la kubeti, liwe la bango la barabarani, la jezi au la redio ya asubuhi. Mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo au kwa sauti inayokimbia kama ya dalali, kuna maneno mawili: cheza kistaarabu. Pembeni yake 18+. Imeisha hiyo. Kampuni imekuambia uwe mstaarabu, na kuanzia hapo ukiunguza kodi ya chumba ni ustaarabu wako ndio uliopungua.

Nasoma sheria, kwa hiyo nina tabia mbaya ya kuuliza kila sentensi: huu wajibu ni wa nani? Kwenye "cheza kistaarabu" wajibu wote ni wa mchezaji. Kampuni haijaahidi kitu chochote. Dawa hatuziuzi hivyo, wala mitungi ya gesi, wala gari la abiria. Hakuna anayebandika kwenye basi karatasi ya "panda kistaarabu" halafu akasema habari ya breki ni juu ya abiria.

Ndani ya chama chetu mjadala wa kubeti huwa unaishia sehemu mbili. Wengine wanasema ni dhambi, ipigwe marufuku. Wengine wanasema ajira hakuna, vijana wafanye nini, waacheni. Mimi nadhani pande zote mbili zinaiachia serikali nafasi ya kufanya inachokifanya sasa hivi, yaani kukusanya kodi na kukaa kimya. Ninachokitaka ni kidogo kuliko marufuku ila ni kigumu zaidi kukipata: mtu anayebeti alindwe kama mlaji mwingine yeyote, na gharama ya kumlinda ibebwe na anayepata faida.

Sheria ya mlango na mlinzi

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ilitungwa mwaka 2003. Jipe sekunde ukumbuke 2003 ilikuwaje. M-Pesa ilikuwa haijaja nchini, ilikuja 2008. Simu yenye intaneti mkononi mwa bodaboda ilikuwa hadithi. Aliyeiandika sheria ile alikuwa anawaza kasino: jengo lenye mlango, mlinzi mlangoni, mhudumu anayekuona uso kwa uso. Mtoto akija, mlinzi anamrudisha. Ukilewa, unatolewa. Hela ikiisha mfukoni, unatoka nje upigwe upepo, na huo upepo tu ulikuwa ni ulinzi.

Sheria imefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo, na kanuni zimeongezwa. Lakini ukifuatilia marekebisho yenyewe utaona mengi yanakuja kupitia Sheria ya Fedha, ile inayopitishwa kila mwaka baada ya bajeti. Sheria ya Fedha inabadilisha nini? Viwango vya kodi. Kodi ya mapato ya kampuni, kodi ya ushindi wa mchezaji, vinapanda, vinashuka, vinapanda tena. Tangu 2017 kodi hiyo inakusanywa na TRA. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ndiyo inatoa leseni na ndiyo inatakiwa kumlinda mchezaji, ipo chini ya Wizara ya Fedha. Wizara ambayo kazi yake, na siilaumu kwa hilo, ni kutafuta hela.

Sasa mweke mtu mmoja awe mlinzi wa kuku na mnunuzi wa mayai. Hata awe mwaminifu vipi, siku kuku wakipunguzwa kutaga ataumia. Kila kanuni inayompunguzia mchezaji hasara inapunguza mapato ya kampuni, na mapato ya kampuni yakipungua kodi inapungua. Mtu wa Bodi anaweza akawa na nia safi kabisa. Muundo aliokalia unamvuta upande mmoja.

Angalia kodi ya ushindi inavyofanya kazi. Umeshinda, hela inakatwa kabla haijafika kwenye simu yako. Serikali haikuombi namba ya malalamiko, haikusubirishi siku saba za uhakiki. Mfumo wa kulinda fungu la serikali unafanya kazi kwa sekunde. Ni fungu lako ndilo linalosubiri.

Hesabu ya mkeka

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua wameumizwa wapi.

Tuseme mechi fulani, timu kubwa ikiwa nyumbani, ina uwezekano wa kushinda wa asilimia 63. Odi ya haki ingekuwa karibu 1.59. Kampuni inakupa 1.50. Ile tofauti ndiyo biashara yao. Ukiweka 1,000 kwenye mechi hiyo moja, na ukarudia mara nyingi sana, kwa wastani utakuwa unarudishiwa 945 kwa kila 1,000. Wanachukua 55. Siyo mbaya, ni bei ya burudani, bei ya soda ni zaidi.

Lakini nani anabeti mechi moja? Sisi tunasuka mkeka. Suka mkeka wa mechi 12 za namna hiyo hiyo, zote odi 1.50. Odi ya mkeka inafika karibu 130, buku lako linakuonyesha laki moja na elfu 30. Inang'aa. Uwezekano wa zote 12 kuingia ni kama mkeka mmoja kwa kila mikeka 256. Na ile asilimia ndogo ya kampuni imejizidisha yenyewe mara 12: kwa wastani, kwa kila 1,000 unayoweka unarudishiwa kama 507. Yaani kwenye mechi moja walikuwa wanachukua 55, kwenye mkeka wanachukua karibu nusu. Hayo ni kabla ya kodi.

Ndio maana bonasi zote zinakusukuma huko. "Ongeza mechi, ongeza bonasi ya ushindi." Ukipata bonasi ya kukaribishwa, sharti linakuambia uizungushe mara kadhaa kwenye mikeka yenye timu tatu au zaidi, ndani ya siku kadhaa, ndipo uweze kuitoa. Na timu moja ikikuchania mkeka unajiambia "nilikosa timu moja tu", unaona umekaribia. Hujakaribia popote. Mkeka wenye timu 11 zilizoingia na mkeka wenye timu mbili zilizoingia vyote vinalipa sifuri.

Je, kuna ubaya gani sheria ikisema kwamba kabla hujabonyeza kitufe cha kuthibitisha mkeka, skrini ikuonyeshe makato ya kampuni kwenye mkeka huo huo? Kampuni inayajua. Kompyuta yake inayakokotoa. Pakiti ya biskuti inaandikwa uzito na tarehe ya kuisha, mkopo wa benki unatakiwa uoneshe riba. Mkeka unaonyesha tu ndoto.

Halafu kuna kindege. Mechi angalau ina ratiba. Jumanne mchana ligi zimelala, unafanya kazi. Kindege hakina msimu, hakina mapumziko. Aviator, ambacho ndicho maarufu zaidi, kinatangazwa na waliokitengeneza kuwa kinarudisha asilimia 97. Inasikika vizuri kuliko mkeka, sivyo? Tatizo ni mwendo. Mzunguko mmoja ni sekunde chache. Mtu akicheza mizunguko 120 kwa saa moja kwa buku buku, amezungusha 120,000 kwa saa, na asilimia 3 ya hiyo ni 3,600. Hiyo ni wastani, na wastani ni kitu cha kampuni yenye wachezaji wengi. Wewe mmoja huishi kwenye wastani. Usiku mmoja utapanda, usiku wa pili utashuka hadi nauli ya kesho.

Chuoni mnajua boom likiingia inakuwaje. Wiki ya kwanza hosteli inanukia chipsi. Wiki ya pili kuna wenzetu wanaanza kuomba kuazima elfu mbili, na hujawaona na kiatu kipya wala simu mpya. Tunawacheka. Tungejiuliza kwanza kwa nini kitu kinachozunguka kila baada ya sekunde chache hakina kanuni ya mwendo, hakina mapumziko ya lazima, hakina kikomo cha dau kwa kijana wa miaka 19 anayeishi kwa mkopo wa serikali. Uingereza, ambako biashara hii imekomaa kuliko kwetu, mwaka 2025 wameweka kikomo cha dau kwenye mashine za sloti za mtandaoni: pauni 5 kwa watu wazima, na pauni 2 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Wamewatenganisha vijana kwa makusudi. Tangu 2020 kule huruhusiwi hata kubeti kwa kadi ya mkopo. Huku kwetu unakopa kwenye simu, mkopo unaingia kwenye simu, unaweka dau kwenye simu ile ile, na hakuna hata sehemu moja njiani ambapo mtu au mashine inauliza swali.

Mkataba usioujua

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, anaendesha boda, alipata laki sita na arobaini kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Alipoenda kutoa, akaunti ikafungwa "kwa uhakiki". Wakataka namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, picha yake ameshika kitambulisho, na maelezo ya hela ya dau ilitoka wapi. Wakati anaweka hela, kwa miezi minane, hakuna aliyewahi kumuuliza hata jina la pili. Alinifuata kwa sababu "wewe si unasoma sheria". Tulikaa tukasoma vigezo na masharti kwenye simu yake. Kurasa na kurasa, Kiingereza kitupu, na katikati kifungu kinachosema kampuni inaweza kuchelewesha malipo kwa muda itakaouona unafaa. Alilipwa baada ya wiki sita na barua tatu. Wangapi wanaandika barua tatu?

Mimi huwa siogopi neno "vigezo na masharti kuzingatiwa". Mkataba ni makubaliano ya pande mbili. Huu wa kubeti umeandikwa na upande mmoja, kwa lugha ambayo upande wa pili hauisomi, na unabadilishwa wakati wowote kwa kubandikwa toleo jipya kwenye tovuti. Sheria ya Ushindani ya 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji, na inakataza kumkandamiza kwa masharti ya kidhalimu kwa sababu tu una nguvu kuliko yeye. Ndani ya sheria hiyo hiyo limeanzishwa na Baraza la Taifa la Utetezi wa Mlaji. Kwa hiyo siyo kwamba nchi haijui dhana ya mlaji. Inajua, ikishughulika na saruji na televisheni feki. Mtu anapoingia kwenye kubeti tunamvua hiyo hadhi, anakuwa mcheza kamari, na mcheza kamari akilia tunasema alitaka mwenyewe.

Na suala la lugha nalo lina historia. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, wengine kwa shingo upande. Sawa. Kama hakimu anatakiwa kuandika hukumu kwa lugha ninayoielewa, kampuni inayochukua hela kwa lugha ya "Mshindi ni wewe!" haiwezi kushindwa kuandika kwa Kiswahili hicho hicho kifungu cha kunizuia kutoa hela. Matangazo hawakosi wakalimani.

Kwa hiyo nikipewa kalamu leo, kanuni ya kwanza ningeandika fupi tu: hela inayoingia kwa sekunde itoke kwa saa 24. Uhakiki wote ufanyike kabla ya dau la kwanza. Kampuni ikipokea dau langu, imekubali kwamba mimi ni mimi. Ikichelewa, ilipe faini kwa kila siku, na faini hiyo iende kwa mchezaji, isiende Hazina. Hilo la mwisho nalisisitiza. Faini zikienda Hazina tumerudi kulekule kwa mnunuzi wa mayai.

Pili, mtu akitaka kujifungia, ajifungie kote. Leo ukijiondoa kwenye kampuni moja, kampuni nyingine inakukuta na meseji saa nne usiku: umepewa mizunguko 20 ya bure. Anayejaribu kuacha anafanana na mlevi anayepita mtaa wenye baa 30, kila mwenye baa anamwita kwa jina. Tunahitaji daftari moja la taifa. Uingereza wanalo la namna hiyo, linaitwa GAMSTOP, na tangu 2020 kampuni zote za mtandaoni zenye leseni zinalazimika kujiunga nalo. Unajiandikisha mara moja, zote zinakufungia.

Na hizo meseji zenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Ni haki yako tayari, huhitaji kusubiri mtu apitishe kitu. Andika kwa kampuni kwamba hutaki, weka kumbukumbu, wakiendelea peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sijaona watu wakiitumia. Tunaijua zaidi sheria ya makosa ya mtandao kwa sababu hiyo ndiyo inayotukamata.

"Haiwezekani kitaalamu"

Ukizungumza haya mbele ya watu wa serikali kuna jibu linakuja haraka: mtandao ni mkubwa, kampuni nyingine ziko nje, watoto wanatumia simu za wazazi, ni vigumu kudhibiti.

Samahani. Laini zote za simu nchini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mwisho ukawa Januari 20, 2020, na ambao hawakusajili walizimiwa. Tulipanga foleni, wengine vidole viligoma kwa sababu ya kazi ngumu, bibi zetu walipakwa mafuta vidole visomeke. Kwa hiyo serikali inajua laini hii ni ya nani na alizaliwa lini. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, ukitaka kuingia mpaka uzunguke. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na ilikaa siku kadhaa. Benki, wauza bando, wanafunzi wenye mitihani ya mtandaoni, wote gizani. Serikali yenye mkono mrefu namna hiyo isiniambie haiwezi kuamuru laini ya mtu wa miaka 16 isipokelewe kwenye akaunti ya kubeti.

Na hata kama tovuti iko Malta au Curaçao, hela ya kijana wa Mbagala haipandi ndege. Inapita M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa. Milango ni michache na ina wenyewe, wote wana leseni, wote wana ofisi Dar. Wakenya walilionyesha hili mwaka 2019. Mwezi Julai serikali yao iligoma kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikiwemo, na ikaamuru namba zao za malipo zifungwe.

Ila tusiishangilie sana Kenya ya 2019, maana ina somo jingine. Ugomvi ule ulikuwa wa kodi. Serikali iligundua ina misuli siku ilipodai fungu lake, siyo siku mama alipolia kwamba mwanawe kabeti ada. Ilipofika Agosti SportPesa ikasitisha udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki hawana mdhamini kwa usiku mmoja. Kenya imepitisha sheria mpya ya kamari Agosti 2025 na inaunda mamlaka mpya ya kuisimamia. Tuifuatilie kwa karibu tuone kama mchezaji ana nafasi ndani yake kuliko alivyokuwa nayo kwenye ile ya zamani ya 1966.

Hapo naingia sehemu ambayo najua nitarushiwa mawe: Simba na Yanga. SportPesa ilizidhamini zote mbili kuanzia 2017, na mwaka ule ule ikawaleta Everton Dar es Salaam. Rooney akafunga Taifa, tukafurahi sana, mimi nilikuwa mtoto wa shule na nakumbuka. Mwaka 2022 Simba ikasaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 26.1. Ni hela nyingi, na hakuna shabiki anayetaka timu yake irudi enzi za kuchangishana nauli. Lakini jezi inavaliwa na mtoto wa miaka saba. Sheria inasema chini ya miaka 18 asicheze, halafu tunamvalisha tangazo kifuani anaenda nalo shule ya Jumapili. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa nembo za kampuni za kubeti mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Hawakufilisika. Waliwekeana muda wa kutafuta wadhamini wengine. Na sisi tungeanza na jezi za saizi za watoto tu. Mbona ni jambo dogo, ziuzwe bila nembo hiyo.

Wapo wanaosema tupandishe umri. Uganda ni miaka 25. Siliungi mkono hilo. Ukiniambia mtu wa miaka 22 anaweza kupiga kura, kuoa, kwenda jela na kusaini mkopo lakini hawezi kuweka buku kwenye mechi ya Yanga, umemgeuza mtoto, na yeye ataazima namba ya kaka yake. Namtaka mtu mzima aliyelindwa. Sitaki mtu mzima aliyefichwa chini ya kitanda.

Na nyie mnaosema "hela yake, mwache", nawaelewa, hata mimi ni mtu wa uhuru. Ila uhuru wa kufanya biashara nao una pande mbili. Anayecheza anaweka buku lake na akili yake baada ya kazi ya kutwa. Upande wa pili kuna wataalamu wa takwimu, wabunifu wa rangi na milio, na kompyuta inayojua ulicheza saa ngapi jana. Mwache, sawa, lakini mwacheni na taarifa, na kitufe cha kujifungia kinachofanya kazi, na mahali pa kulalamika pasipokuwa pa mtoza kodi.

Lingine linatuhusu sisi humu ndani. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ya kata na matawi kuna makamanda, wengine viongozi, wanarusha linki za kujiunga zenye kodi zao binafsi, kila anayejiunga wao wanapata kitu. Kwenye grupu la chama! Mtu aliyekuja kwa sababu ya katiba mpya anaishia kuvutwa kwenye kindege na mwenyekiti wake wa tawi. Napendekeza uongozi wa vijana utoe waraka kukataza, na usiwe waraka wa kuonya tu. Hatuwezi kwenda kudai matangazo yawe na adabu wakati sisi wenyewe ni mawakala.

Bajeti inasomwa Juni. Muswada wa Sheria ya Fedha ukishatoka, Kamati ya Bunge ya Bajeti huwa inaita maoni ya wadau, na muda wanaotoa ni siku chache tu. Kampuni za kubeti huwa zimeshajiandaa, zina wanasheria na wahasibu, zinaingia na makabrasha. Mchezaji huwa hana mtu. Hata kama bungeni sisi hatuna sauti ya kutosha, mlango wa maoni uko wazi kwa yeyote, na karatasi ikipokelewa inabaki kwenye kumbukumbu.

Nimeshaandika rasimu ya kurasa nne: malipo ndani ya saa 24, uhakiki kabla ya dau la kwanza, masharti kwa Kiswahili, makato yaonekane kwenye mkeka, daftari moja la kujifungia, kikomo cha dau kwenye michezo ya kasi, na chombo cha malalamiko kitakachokaa nje ya Wizara ya Fedha. Nahitaji mtu wa takwimu anihakikie zile hesabu za mkeka, mtu wa mifumo ya malipo aniambie nimekosea wapi kwenye namba za kampuni, na watu walionyimwa au kucheleweshewa ushindi wao walete picha za skrini, tarehe na kiasi, majina wafiche. Mikutano ya matawi ya vyuo inaanza wiki ijayo. Nitakuja nayo ikiwa imechapwa.